Kabla Hujapiga Windows Nyingine: Mfumo Huria wa Kurekodia Muziki Nyumbani

Nilihama Windows kwa hasira. Kikundi cha kaswida kutoka Mikindani kilikuja kwangu kurekodi nyimbo tatu, wiki moja kabla ya Maulidi. Tulipomaliza, kijana wao mmoja akachomeka flashi yake ili aondoke na nakala ya kusikiliza njiani. Kesho yake nawasha mashine, mafaili yote yamegeuka shotikati, na programu yangu ya muziki, ambayo wala sikuwahi kuilipia, imegoma kufunguka. Fundi wa mjini akaniambia dawa ni kupiga Windows upya. Ilikuwa mara ya nne mwaka ule.

Wale wazee wa kaswida walirudi kurekodi tena bila kunung'unika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wangenigombeza ningepumua.

Tangu hapo natumia Linux, mfumo huria wa kompyuta wenye aina nyingi, katika chumba changu kimoja hapa Chuno, Mtwara, na haipiti muda bila kijana kuniuliza: "Kaka, nichukue Linux ipi ya muziki?" Namrudishia swali: wewe unarekodi watu, au unatengeneza biti? Asiponijibu hilo, hata nikimtajia mfumo mzuri namna gani nitakuwa nimempoteza.

Kama kazi yako ni biti, na umekulia kwenye programu ya FL Studio kama sisi wengi, jua kwamba FL Studio haina toleo la Linux. Wapo wanaoilazimisha kwa kutumia Wine, programu inayoiwezesha Linux kuendesha vitu vya Windows. Nilijaribu. Siku inakubali, siku inakataa, na siku inayokataa ndiyo siku mteja amekaa nyuma yako anatikisa mguu. Kama maprodyuza wenzako wa Dar wanakutumia kazi zilizoanzwa humo nawe unaendeleza, baki ulipo. Mimi ni mpenzi wa Linux na bado nakwambia ubaki.

Kama huna minyororo hiyo, LMMS, programu huria ya kutengenezea biti, itakupokea vizuri. Namna yake ya kupanga vipande vya biti haiko mbali na ulivyozoea, na singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika inajengeka humo bila shida. Ila matoleo yake ya 1.2 hayarekodi sauti ya maiki. Mdogo wangu mmoja alihangaika siku mbili akidhani maiki yake ni mbovu. Biti ijengee LMMS, sauti irekodi kwenye Ardour, programu huria ya kurekodia.

Na kama unarekodi watu, yaani kwaya, kaswida, ngoma, mtu na gitaa lake, hapo Linux ndiyo nyumbani kwake. Ardour ilianzishwa na Paul Davis, mtu yuleyule aliyeanzisha JACK, mfumo uliokuwa ukiunganisha programu za sauti kwenye Linux kwa miaka mingi. Ukienda kwenye tovuti ya Ardour utaombwa mchango kabla ya kupewa toleo lililo tayari, usishtuke ukafunga. Ardour iliyomo ndani ya ghala la mfumo wako wa Linux ni bure kabisa. Siku ukipata pesa, wachangie.

Nitakwambia kilichonifunga kwa Ardour. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa, natumia umeme wa ukutani tu. Tuko katikati ya wimbo, kwaya ya watu 12 wamejibana chumbani, umeme ukakatika. Mwalimu wa kwaya akaniangalia tu, hakusema neno. Uliporudi nikafungua Ardour nikijua nimepoteza kila kitu. Ikaniuliza: inaonekana kompyuta ilizimika wakati wa kurekodi, je, nikurudishie kilichokwisha kurekodiwa? Nikakubali. Sauti ikarudi. Ardour inaandika sauti kwenye diski wakati uleule mtu anaimba, haisubiri ubonyeze kuhifadhi. Kwa mji wenye umeme kama wetu hiyo naiweka mbele ya madoido yote.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakimbiza watu wengi, sauti kuchelewa. Bibi mmoja wa Newala aliletwa na mjukuu wake nimrekodi nyimbo za ngoma anazozijua. Nikamvalisha hedifoni. Akaimba mstari mmoja, akazivua. "Mjukuu wangu, mbona sauti yangu inanifuata nyuma kama mtoto?"

Hakuna fundi aliyewahi kunieleza tatizo lile vizuri kumshinda. Kompyuta haipeleki sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo kwanza, ndipo inamimina. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Ukiiweka sampuli 1024, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti, huku kasi ya kurekodi ni 48,000 kwa sekunde, ndoo moja inachukua milisekunde 21 hivi kujaa. Kwenda na kurudi ni ndoo mbili au zaidi, umeshafika 40 na ushee. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 40 ni sawa na kumsikiliza mwimbaji aliyesimama mita 13 au 14 kutoka kwako. Hebu jisikilize mwenyewe ukiwa upande wa pili wa barabara, uone kama utaimba. Ukishuka hadi 128, ndoo inajaa kwa milisekunde zisizofika 3. Hapo hata mpiga ngoma haoni tofauti.

Mbona basi watu wasiweke 128 siku zote? Kwa sababu ndoo ndogo inataka kuhudumiwa haraka. Kompyuta ikichelewa hata kidogo, kwa kuwa inashughulika na waifai au imejipunguzia kasi ili kuokoa betri, sauti inakwaruza. Ndiyo maana mifumo ya muziki ikawa na kerneli yake maalumu, yaani kiini cha mfumo, chenye nidhamu ya kuipa sauti kipaumbele. Marekebisho makubwa ya kazi hiyo, yanayoitwa PREEMPT_RT, yalikuwa nje ya Linux ya kawaida kwa takriban miaka 20, hadi mwaka 2024 yalipoingizwa rasmi kwenye kerneli 6.12. Kwa hiyo usiogope sana ukisikia mtu anasema bila kerneli maalumu hufanyi muziki. Kwa studio ya nyumbani mara nyingi inatosha kuzima waifai, kuitaka prosesa ifanye kazi kwa nguvu zote, na kuhakikisha jina lako la mtumiaji limo kwenye kundi linaloruhusiwa kuipa sauti kipaumbele.

Bibi wa Newala? Nilikuja kugundua baadaye, kwa aibu, kwamba kifaa changu cha kuingizia sauti kina kitufe cha kumpa mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitufe kimoja! Kama kifaa chako kinacho, nusu ya ugomvi wa bafa umekwisha.

Na kifaa chenyewe kichague kabla ya mfumo. Tafuta cha USB ambacho hakihitaji kusakinishiwa draiva, kile ambacho hata ukikichomeka kwenye simu au tableti kinatambulika. Behringer UM2 ninayotumia ni ya bei ya chini na Linux inaitambua papo hapo. Focusrite Scarlett nazo zinaungwa mkono vizuri. Ukikuta kifaa cha mtumba kinachodai CD yake ya draiva, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Mifumo sasa. Ushauri utakaoukuta kwingi mtandaoni ni huu: chukua Linux nyepesi, kisha ongeza programu moja moja unazozihitaji. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye intaneti ya waya inayomwagika usiku na mchana. Kwa sisi wa bando ni mtego. Utasakinisha mfumo leo, kesho ununue bando la Ardour, keshokutwa la plagini, vile viongezo vya sauti, halafu bando linaishia katikati na huna hata kimoja kilichokamilika. Mimi nashauri kinyume chake: chukua mfumo wenye tumbo kubwa, uliobeba kila kitu, uushushe mara moja tu mahali penye mtandao mzuri.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Ubuntu Studio. Ilianza mwaka 2007, na faili lake moja, lenye zaidi ya GB 4, linakuja na Ardour, LMMS, Audacity, mashine ya ngoma iitwayo Hydrogen na rundo la plagini. Ruhusa za kipaumbele cha sauti zimeshapangwa. Jina lake nalo Mswahili halimpi shida: ubuntu ni ndugu wa utu, na Ubuntu mama ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Angalia namba tu. Toleo la 24.04 maana yake ni Aprili 2024. Matoleo ya Aprili ya miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo ya muda mrefu, na Ubuntu Studio huyahudumia kwa miaka 3. Mengine yanahudumiwa miezi 9 tu. Usiyaguse hayo. Hutaki kuanza kubadilisha mfumo msimu wa korosho, wakati ambao watu wana hela ya kulipia studio.

Ubaya wake ni uzito. Kwenye RAM ya GB 8 inakwenda bila maneno. Kwenye GB 4 inakwenda kama mzee anayepanda mlima wa Makonde na kikapu kichwani. Atafika, lakini usimsemeshe.

Kwa mashine yangu ya zamani, ile ninayobeba nikienda kurekodi Msimbati au Tandahimba, niliweka AV Linux. Imejengwa juu ya mifumo mingine ya Linux, MX Linux na Debian, nayo imeshiba programu za muziki. Muonekano wake ni wa ajabu kidogo, siku ya kwanza nilitafuta mahali pa kuizimia kompyuta nikachoka. Lakini ina kitu kimoja kilichonifanya niisamehe yote. MX wana chombo kiitwacho MX Snapshot, kinachochukua mfumo wako kama ulivyo, na programu ulizoongeza na mipangilio uliyohangaikia, kikautengeneza kuwa faili moja la kusakinishia. Unaweka kwenye flashi, unampa rafiki. Jamaa yangu wa Lindi alipanda basi na studio yangu nzima mfukoni, na hakununua hata bando la buku.

Linux Mint ni nzuri kwa anayeanza, inaeleweka haraka kuliko zote, ila kazi ya kuiandaa kwa muziki ni yako mwenyewe. Fedora Jam ipo, matoleo yake yanabadilika upesi mno kwa bando letu. Reaper watu huniuliza sana: ina toleo zuri la Linux, lakini yenyewe si huria, ni ya kulipia baada ya siku 60 za majaribio.

Kushusha faili kubwa namna hiyo, tumia torenti, njia ya kushusha faili kipande kwa kipande. Umeme ukikatika inaendelea ilipoishia, na inakagua kila kipande, hivyo hutapata faili bovu litakalokusumbua usiku kucha ukidhani kosa ni lako. Kisha weka Ventoy kwenye flashi. Hiyo inakuruhusu kunakili mifumo kadhaa kwenye flashi moja kama unavyonakili nyimbo, halafu wakati wa kuwasha unachagua upi uendeshe.

Usisakinishe siku hiyohiyo. Washa mfumo kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, chomeka kifaa chako cha sauti na maiki, fungua Ardour, rekodi dakika 10 za chochote. Mimi huwa narekodi mvua kwenye bati ikiwepo. Kama sauti inaingia, haikwaruzi, na skrini, waifai na spika vinafanya kazi, umepata mfumo wako. Kama kifaa hakionekani, zima, jaribu mfumo wa pili uliomo kwenye flashi ileile. Hujapoteza kitu.

Ukikwama na kuanza kutafuta msaada mtandaoni, angalia tarehe ya unachosoma. Maelezo ya miaka ya 2010 yatakufundisha kupatanisha JACK na mfumo mwingine wa sauti uitwao PulseAudio, ugomvi wa kifamilia uliotutoa jasho wengi. Siku hizi kuna PipeWire inayofanya kazi ya wote wawili, na Ubuntu imekuja nayo ikiwa ndiyo ya kawaida tangu toleo la 22.10. Ukifuata maelezo ya zamani kwenye mfumo mpya utavunja kitu ambacho kilikuwa kizima. Nimevunja mara mbili.

Flashi yangu yenye mifumo hiyo bado ninayo, na nakala ya MX Snapshot pia imo. Ukiwa Mtwara mjini na una ya kwako ya GB 16 au zaidi, njoo nayo nikunakilie. Hata kama ina virusi vya shotikati, wewe ichomeke tu. Siku hizi haviwezi kunifanya kitu.