Jibu: Sungura mwitu wa Ulaya yuko hatarini kweli?

Ndugu, umeuliza inakuwaje sungura mwitu wa Ulaya atajwe kuwa hatarini huku Australia wakimpiga vita kama nzige. Yote mawili ni kweli. Kwao asili ni Hispania na Ureno, na huko ndiko anakopungua. Tangu 2019 orodha nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, inamhesabu miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Australia alipelekwa na walowezi, na sungura waliofikishwa huko 1859 wakazaana kupita kiasi.

Kilichommaliza kwao hasa ni magonjwa. Mwaka 1952 daktari mmoja Ufaransa aliachia virusi vya miksomatosisi shambani kwake apunguze sungura. Mbu na viroboto wakavieneza sehemu kubwa ya Ulaya. Sungura mgonjwa huvimba macho mpaka yakafumba, akabaki amejikunyata njiani, hata ukimkaribia hakimbii. Inauma sana kumwona. Kisha ikaja homa ya kutokwa damu, iliyogunduliwa China 1984, na aina yake mpya ya 2010 haisazi hata vitoto.

Mimi namwonea uchungu pia linksi wa Iberia, yaani wa huko Hispania na Ureno, yule paka mwitu mwenye vishungi masikioni. Chakula chake karibu chote ni sungura huyu, kama mmoja kwa siku.

Ila usimchanganye na sungura wetu wa porini anayekatiza mbele ya taa za gari usiku. Huyo ni jamii nyingine: hachimbi mashimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi.