Gari la Michezo au Gari la Kasi Lenye Nafasi? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Maswali mengi niliyopokea yanazunguka jambo moja. Mtu ana fedha za gari moja tu, naye angependa gari hilo limpe raha kila anaposhika usukani. Je, achukue gari la michezo, ambalo huwa na viti viwili, au vinne ambavyo viwili vyake ni vya kubana, au achukue gari la kasi lenye nafasi, yaani hachibeki (ambayo mlango wa buti hufunguka pamoja na kioo cha nyuma), saluni (yenye buti lililojitenga) au wagoni (ambayo paa lake huendelea hadi juu ya buti) ya kawaida iliyotiwa injini yenye nguvu, breki kubwa na springi ngumu? Nimeyapanga majibu kwa kuanza na yale yanayobeba msingi wa mengine.

Swali: Siku hizi saluni ya milango minne inaweza kuliacha gari la michezo nyuma. Je, bado ipo tofauti ya maana kati ya aina hizi mbili?

Jibu: Ipo, nayo huanza wakati gari lingali mchoro mezani kwa mhandisi. Gari la kasi lenye nafasi huzaliwa likiwa gari la kubebea watu, kisha hupewa nguvu. Volkswagen ilipoanza kuuza Golf GTI mwaka 1976, ilichukua Golf ile ile ya kawaida, ikaipa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110 na kuimarisha sehemu zake za chini, huku abiria wa nyuma na mizigo yao wakibaki na nafasi waliyokuwa nayo. Subaru ilifuata njia hiyo kwa Impreza WRX mwaka 1992, na BMW ilikuwa imeshaifuata kwa saluni yake ya M5 katika miaka ya 1980.

Mazda MX-5, gari la michezo la viti viwili lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ilianzia upande wa pili. Injini yake imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, dereva ameketi chini karibu na kitovu cha gari, na uzito umegawanywa takriban nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Abiria wa nyuma hakuwahi kuingia katika hesabu hiyo. Kwa hiyo unapolinganisha magari haya, jiulize kwanza kila moja limekubali kukosa nini, kwa sababu hapo ndipo tabia yake inapotoka.

Swali: Nimesoma kwamba saluni fulani hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde chache kuliko magari mengi ya michezo. Kwa nini mtu alipie gari lenye mwendo mdogo zaidi?

Jibu: Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ninakuomba uwe na subira nami kidogo. BMW M5 ya mwaka 2024 hufika kilomita 100 kwa saa kwa takriban sekunde 3.5, ilhali MX-5 yenye injini ya lita 2.0 huhitaji kama sekunde 6.5. Ukiishia hapo, hakuna mjadala. Lakini M5 hiyo, ambayo imeunganishwa injini ya petroli na mota ya umeme, ina uzito unaozidi kilo 2,400, na MX-5 ina kilo 1,100 hivi. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza gari linaposimama hukua kulingana na uzito, tena hukua kwa mraba wa mwendo. Magari hayo mawili yakisimama kutoka mwendo ule ule, zito humaliza nishati iliyo zaidi ya maradufu ya jepesi. Kwenye kona hali haibadiliki, kwa kuwa kila kilo ya ziada inataka kuendelea mbele moja kwa moja, na tairi ndizo zinazopaswa kuizuia.

Wahandisi wa magari mazito yenye nguvu hulijibu tatizo hili kwa tairi pana, breki kubwa, shokamzoba zinazoongozwa na kompyuta na wakati mwingine usukani unaogeuza hata magurudumu ya nyuma. Kazi yao inastahili heshima, na gari hushika barabara kwa namna ya kustaajabisha. Hata hivyo uwezo huo umewekwa juu sana, kiasi kwamba katika mwendo unaoruhusiwa kisheria gari halijaanza hata kuamka. Unakata kona kwa kilomita 70 kwa saa na hakuna unachokisikia mikononi. Katika gari jepesi, kona hiyo hiyo kwa mwendo huo huo hukuambia habari nyingi: uzito unahamia upande wa nje, usukani unaongezeka ugumu, na kiti kinakueleza tairi za nyuma zinafanya nini.

Tofauti hiyo iko pia katika injini. Golf GTI ya kizazi cha nane, yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hutoa nguvu yake yote ya msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, kuanzia mizunguko ya injini kama 1,600 kwa dakika, ikakusukuma bila jasho hata ukiwa katika gia ya juu. MX-5 haina turbo, na kilele cha nguvu zake kiko kwenye mizunguko 7,000, kwa hiyo inakulazimisha kubadili gia na kuitafuta nguvu hiyo. Anayetaka kulipita lori haraka na kuendelea na safari yake ataliona hilo kuwa usumbufu, lakini kwa anayependa kazi ya kuendesha yenyewe, raha iko hapo hapo. Msimamo wangu ni kwamba takwimu ya sekunde hupima jambo ambalo dereva wa kawaida hulitumia mara chache mno, na haifai kuwa ya kwanza katika uamuzi.

Swali: Nina watoto wawili wadogo na gari letu litakuwa moja tu. Moyo wangu uko kwenye gari la michezo lenye viti vinne. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana kwa muda mfupi, na kwa taabu. Magari kama Porsche 911 na Toyota GR86 yana viti viwili vya nyuma, lakini yana milango miwili tu, paa linashuka kwa ghafla, na nafasi ya miguu hutoweka mtu mrefu anapokaa mbele. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma huhitaji nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi hulazimisha kiti cha mbele kisogezwe hadi abiria wake aguse dashibodi kwa magoti. Pia fikiria mgongo wako, kwa kuwa utainama kupitia mlango wa mbele kumfunga mtoto mkanda kila siku, mvua ikinyesha na mtoto akiwa analia.

Kuna jambo la usalama lisilo na mjadala. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakipaswi kamwe kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa, kwa sababu mfuko huo ukifunguka hupiga mgongo wa kiti kwa nguvu inayoweza kuua. Kwa sababu hiyo, gari la viti viwili haliwezi kuwa gari la pekee la familia yako.

Ushauri wangu kwako ni hachibeki ya milango mitano au wagoni. Buti la Golf GTI lina lita 374, la Honda Civic Type R ya sasa ni kama lita 410, na la wagoni ya BMW M3 Touring, iliyoanza mwaka 2022, ni lita 500, ilhali MX-5 ina lita 130. Angalia pia idadi ya mikanda: Civic Type R hiyo, pamoja na ukubwa wake wote, ina viti vinne tu, na nyuma hakuna nafasi ya mtu wa tatu.

Swali: Ninaishi peke yangu, lakini kila mtu ananiambia gari la viti viwili ni upumbavu. Je, wana haki?

Jibu: Hawana. Tazama miezi sita iliyopita, uhesabu ni mara ngapi uliwabeba watu zaidi ya mmoja, na ni mara ngapi ulisafirisha kitu ambacho kisingeingia katika mabegi mawili laini. Ikiwa jibu ni mara chache, kukodi gari kubwa au kuazima kwa siku hizo ni nafuu kuliko kuendesha viti vitupu mwaka mzima. Kama bado una hofu, GR86 ni daraja zuri, kwa kuwa kiti chake cha nyuma hulazwa na kuacha uwazi mrefu wa mizigo.

Swali: Sijawahi kuendesha gari lenye nguvu. Ni lipi salama zaidi kwangu: la kusukumwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma, au yote manne?

Jibu: Kila mpango una tabia yake, na ni vyema uifahamu kabla ya kutia sahihi. Gari linapoongeza mwendo, uzito huhamia nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele hupungukiwa mshiko wakati yanapotakiwa kusukuma. Ndiyo maana hachibeki yenye nguvu nyingi, ikikanyagwa mafuta ikiwa bado kwenye kona, hupanua mduara wake na kuelekea nje, na usukani huweza kuvuta upande. Difu ya kudhibiti utelezi, yaani gia za kati ya magurudumu mawili zinazozuia moja lisizunguke bure, kama iliyo katika Civic Type R, hupunguza sana tabia hiyo. Dereva anayeanza hupata faida moja hapa, kwa kuwa akiona gari linapanuka, kuachia mafuta taratibu kwa kawaida hulirudisha kwenye mstari.

Gari la kusukuma kwa nyuma hufaidika na uzito unaohamia nyuma, na usukani wake hubaki na kazi moja tu ya kuelekeza. Lakini ukikanyaga mafuta kupita kiasi kwenye lami yenye maji, mkia huserereka, na kuurudisha kunahitaji mikono iliyofunzwa. Mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, ambao magari yote mapya katika Umoja wa Ulaya hulazimika kuwa nao tangu mwaka 2014, huokoa makosa mengi ya aina hiyo. Usiuzime barabarani.

Magurudumu yote manne, kama katika Toyota GR Yaris au Audi RS 3, hukupa uwezo wa kuondoka kwa nguvu hata kwenye mvua. Nina onyo moja ambalo ningetamani liandikwe kwenye kila dashibodi: mfumo huo hausaidii kusimama. Magari yote hufunga breki kwa magurudumu manne, na urahisi wa kuongeza mwendo kwenye utelezi humdanganya dereva kuhusu mshiko uliobaki. Kabla ya kuongeza nguvu za farasi, lipia siku moja ya mafunzo ya udereva katika uwanja uliofungwa.

Swali: Lipi hugharimu zaidi kulitunza?

Jibu: Inategemea uzito na nguvu kuliko idadi ya viti. Gari jepesi hula tairi na pedi za breki taratibu, ilhali saluni yenye kilo 1,800 na rimu za inchi 19 huzimaliza upesi, na tairi zake za ukuta mfupi hupasuka kirahisi kwenye mashimo. Magari mengi ya aina zote mbili hayana tairi ya spea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na utaratibu wa kawaida ni kuyabadilisha kila miaka miwili. Kuhusu bima, omba makadirio ya gari husika kabla ya kulipa hata amana, kwani jina la michezo pekee laweza kupandisha ada.

Swali: Nikinunua lililotumika, niangalie nini?

Jibu: Magari haya hutofautiana katika namna yanavyochoshwa. Hachibeki ya kasi mara nyingi imetumika kila siku na kuongezewa nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, kisha ikarudishwa katika hali ya awali ili iuzwe. Panda mlima katika gia ya juu na ukanyage mafuta, na ikiwa mizunguko inaruka bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Omba injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, nawe utazame moshi na usikilize turbo.

Gari la michezo, kinyume chake, huenda limelala muda mrefu. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni mwa tairi. Ukiona 2317, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, na imezeeka hata kama kashata zake ni nzima. Kwa gari la paa la turubai, inua zulia ukague unyevu, kwa sababu mifereji ya maji ikiziba, kutu huanzia mahali usipopaona. Katika aina zote mbili, tairi nne za majina manne tofauti hunitia shaka kuhusu mwenyewe aliyetangulia.

Swali: Je, umeme umeuondoa mjadala huu?

Jibu: Umeupa upande mmoja nguvu zaidi. Hyundai Ioniq 5 N, iliyotoka mwaka 2023, ina betri ya kilowati-saa 84, hubeba watu watano na kufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Uzito wake ni takriban tani 2.2. Familia inayotaka kasi italiona jambo hilo kuwa la kuvumilika, lakini gari la michezo hupoteza kile kile kinacholifanya litamaniwe. Betri nyepesi zaidi zitakapofika barabarani, nitalijibu swali hili upya.

Swali: Nimebakiza magari mawili, moja la kila aina. Niyajaribu vipi?

Jibu: Yaendeshe siku moja, kwenye barabara ile ile, ikiwa na kipande kibovu na matuta. Nenda na kiti cha mtoto au begi unalolitumia kweli. Ingia na utoke mara kadhaa, rudi nyuma katika nafasi finyu, na uzime redio katika mwendo wa safari ndefu ili usikie kelele za tairi. Usimwache muuzaji akushawishi kukanyaga mafuta mpaka mwisho, bali tembea kwa mwendo wako wa kila siku na uone ni lipi linalokupa furaha ukiwa chini ya kilomita 80 kwa saa. Kisha mpe mwenzako usukani, nawe ukae kiti cha nyuma cha lile lenye nafasi kwa nusu saa, kwani springi ambazo dereva huziita imara huenda abiria wa nyuma asizivumilie.