Kocha Afoke au Abembeleze? Maswali Yenu ya Wiki

Kocha wetu wa timu ya ridhaa huvurumisha chupa wakati wa mapumziko, eti ndivyo alivyofanya Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa Manchester United. Yuko sahihi?

Hapana. Ferguson aliwafokea watu wenye mikataba minono, na namba zao zikigombewa na wengine. Mchezaji wa ridhaa akitukanwa Jumapili, Jumanne humwoni mazoezini. Halafu Ferguson hakumfokea kila mtu: nyota wake Eric Cantona alimlea kama yai. Na kile kiatu alichokipiga teke Februari 2003 kikamchana mchezaji wake David Beckham juu ya jicho? Msimu ulipoisha, Beckham akahamia Real Madrid. Mwambieni kocha wenu aanze kwa kuwaita wachezaji kwa majina.

Kocha Brian Clough alichemsha Leeds, akang'ara Nottingham Forest, zote klabu za Uingereza. Mtu ni yule yule, tatizo lilikuwa nini?

Swali tamu hili. Leeds ya 1974 ilikuwa bingwa wa Uingereza. Clough, aliyekuwa ameiponda hadharani kwa miaka, akaingia na kuwaambia wachezaji wazitupe medali zao kwenye pipa la taka kwa sababu wamezipata kwa hila. Hebu jiweke kwenye benchi la chumba kile: umevuja jasho miaka kumi, anakuja mgeni kukuambia hujashinda kitu. Baada ya siku 44 akafungashiwa virago.

Forest ilikuwa daraja la pili alipofika Januari 1975. Pale hapakuwa na medali za kudharau. Ulimi ule ule mkali ukasikika kama mtu anayeamini kwamba unaweza kufika mbali zaidi. Wakabeba Kombe la Ulaya 1979 na 1980. Tusisahau pia kwamba Peter Taylor, msaidizi wake aliyejua kutuliza mambo, hakwenda naye Leeds ila alimfuata Forest.

Kweli pizza ya kocha Claudio Ranieri iliwapa Leicester ubingwa wa Uingereza 2016?

Pizza haifungi mabao! Ila walikuwa wameruhusu bao katika mechi zote tisa za mwanzo za ligi msimu huo. Ranieri akaahidi pizza wakimaliza mechi bila kufungwa, wakailaza Crystal Palace 1-0, akawapeleka mgahawani wakaikande wenyewe. Kundi lililotarajiwa kupigania kutoshuka daraja lilihitaji kucheka kuliko kuhubiriwa. Februari 2017 timu ilipoyumba, alifukuzwa.

Upole wa kocha Carlo Ancelotti unafaa timu yoyote?

Sidhani. Akiwa na Everton ya Uingereza, alimaliza ligi nafasi ya 10 mwaka 2021. Akarudi Real Madrid na upole ule ule, na mwaka uliofuata akabeba Ligi ya Mabingwa.