Muulize Fundi: Laptopu haichaji, nimeambiwa prosesa imekufa

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nafanya simu hapa Morogoro, laptopu ndo najifunza. Nina moja ya chaja ya tundu la duara, volti 19.5, ilidondoka kitandani ikiwa kwenye chaji na toka hapo haichaji wala haiwaki. Nikichomeka, taa ya chaja inazima inawaka inazima tena, nikichomoa inatulia. Nimetoa betri nikapima kwenda graundi (upande hasi wa bodi), koili kubwa za pembeni ya prosesa zinapiga kelele kwenye mita, na rezista moja imeandikwa R010 karibu na sehemu ya chaja nayo inapiga kelele pande zote mbili. Kwenye omu koili zinasoma 2.2, rezista 0.5. Jamaa mmoja mzoefu kaniambia prosesa imepiga shoti nitafute bodi nyingine. Ni kweli? Mteja ananipigia kila saa.

JIBU: Marahaba. Bodi usinunue, vipimo vyako mwenyewe vinamkatalia huyo jamaa.

Kwanza achana na kelele. Mita nyingi zinalia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50 hivi, na prosesa za siku hizi zinakula volti 1 hivi kwa ampea nyingi, kwahiyo koili zake kusoma omu 2 kwenda graundi ni kawaida kabisa, zipo zinazosoma chini ya 1 na mashine inawaka vizuri tu. Wanaotokea kwenye simu wengi wanakwama hapa, wanasikia pii, mteja anatangaziwa bei ya bodi.

Alafu gusanisha nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe, utakuta zinasoma 0.2 hivi, hiyo unaitoa. Yani koili ni 2, rezista ni 0.3.

Shoti ni hiyo 0.3. R010 ni rezista ya omu 0.01, IC ya chaji (chipu inayosimamia chaji) inaitumia kujua ampea zinazoingia, na umeme wa volti 19 ukishavuka mosfeti za kuingilia, yani swichi za umeme, unapita hapo ndo unasambaa bodi nzima. Laini ikiwa nzima unapata kilo omu kwa makumi au zaidi. Yako iko chini kabisa, ndo maana taa inazima na kuwaka, mosfeti zikifungua chaja inakutana na shoti inajikata, inajaribu tena, inajikata.

Sasa utamu uko hapa. Tuseme mosfeti ya upande wa juu kwenye saketi ya umeme wa prosesa, ile inayoishusha 19 kwenda kwenye koili, ndo imekufa. Laini ya 19 na koili zingekuwa zimeungana na zingesoma karibu sawa. Zako ziko mbalimbali, 0.3 na 2, na njia inayopitia kwenye prosesa ya omu 2 haiwezi kukupa 0.3 hata ufanyeje. Kwahiyo shoti haipiti kwa prosesa, kuna kitu kinaingiza 19 graundi moja kwa moja, na kwa laptopu iliyodondoka mi namshuku kapasita wa seramiki, wale wa kahawia, wanapasuka ndani bodi ikipinda na kwa nje huoni kitu.

Kumpata, chukua pawa saplai yako ya simu, weka volti 1, ampea ziachie mpaka 4 kama inafika. Nyekundu kwenye R010, nyeusi kwenye graundi ya tundu la skrubu, betri ibaki nje. Usipandishe volti, na kuna watu wanachomeka 19 yenyewe eti iungue ionekane, hao waache. Kwa volti 1 itavuta ampea 3 hivi, hapo una wati 3 za joto zinazoishia kwenye kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Mwagia spiriti ya asilimia 99 eneo lote, sio ile ya kidonda ya 70, ina maji inachelewa kukauka. Washa, kodoa macho, panapokauka kwanza ndo hapo. Kapasita wamekaa watatu wanne pamoja na joto linahama, kwahiyo zima, acha ipoe, rudia, angalia aliyeanza. Bloa ya hewa moto iwe mbali wakati huo maana spiriti inashika moto.

Mtoe, pima R010 tena. Ikipanda kilo omu umemaliza. Wa kuweka mtoe kwenye laini ya 19 ya bodi mbovu, hapo kawaida ni maikrofaradi 10 volti 25. Usimtoe pembeni ya prosesa, wanafanana umbo na rangi na hawaandikwi kitu, ila wale wa kule ni wa volti ndogo sana, ukimpa 19 shoti inarudi.

SWALI: Fundi, yangu ni ya Type-C. Mita ya USB inaonyesha volti 5, ampea 0.00, haipandi 20. Hii pia ni shoti? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa dalili hizo tu siwezi kuiita shoti. Chaja ya Type-C inaanza na 5, ikielewana na laptopu ndo inapanda, na yako hawajaelewana. Badilisha kebo, igeuze, jaribu tundu la pili kama lipo. Ikigoma, cheki pini za tundu kwa lenzi, alafu pima kama IC ya Type-C inapata volti 3.3 zake. R010 ipime pia, ni dakika moja tu.