Pepo kwenye waya

Mhariri, swali lenu la wiki hii lasema: ni mtunzi gani wa muziki ambaye tungepaswa kumjua lakini hatumjui? Wangu ni Halim El-Dabh, Mmisri aliyezaliwa Cairo mwaka 1921.

Mimi ni fundi redio, Mji wa Kale hapa Mombasa, kwa hivyo naanza na mashine. Mwaka 1944 El-Dabh, kijana aliyekuwa akisomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka stesheni ya redio. Waya hasa, si kanda: wa chuma, mwembamba kama unywele, na ukikatika waufunga fundo kama uzi, kazi inaendelea. Akakibeba hadi kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, akanasa sauti zao. Aliporudi stesheni ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Aliziondoa zile sauti nzito za chini, akabakisha vivumo vyembamba vinavyoelea juu yake, akavipigisha kwenye chumba cha mwangwi chenye kuta za kusogezwa, akanasa upya. Kipande kinachosikika leo ni cha dakika mbili hivi. Maneno huyashiki. Ni watu wanaoimba kama wako ndani ya kisima.

Mwaka 1948, Paris, Mfaransa Pierre Schaeffer alitunga kwa sauti za treni alizozinasa, na wengi huhesabu kuwa muziki wa namna hii, wa kutungwa kwa sauti zilizonaswa, ulizaliwa siku hizo. Sina ugomvi na Schaeffer, treni zake nazipenda. Lakini Cairo ilitangulia kwa miaka minne, tena kwa jambo ambalo sisi watu wa Pwani twalijua vizuri, ila twalisema kwa kunong'ona.

Nyanya yangu alikuwa haikosi ngoma ya pepo. Sisi watoto tukifungiwa chumba cha pili, tukabandika masikio ukutani. Ukuta wa matumbawe humeza sauti nyembamba, hupitisha nzito. Kwa hivyo tulipata mdundo mtupu na mguno. El-Dabh alifanya kinyume chake, lakini siku ya kwanza nilipomsikia, dukani, nilivua hedifoni nikageuka kuutazama ukuta.

Mengine yake ni marefu: alikwenda Marekani 1950, akamtungia mcheza dansi Martha Graham muziki wa *Clytemnestra* (1958), mwaka uliofuata akatunga *Leiyla and the Poet* katika studio ya muziki wa elektroniki ya Columbia-Princeton, New York, kisha akafundisha miaka mingi huko Kent, Ohio. Alifariki 2017, akiwa na miaka 96.

Juzi bibi mmoja alikuja kuchukua redio yake, nikamjaribishia kwa kipande kile cha waya. Niliponyoosha mkono kuzima akanishika.

"Wacha kwanza, mwanangu. Huyo pepo wake hajapanda bado."