Jibu: Mume ni kichwa, je, mshahara wa mke apange yeye?

Kaka, umeuliza kama Waefeso 5 inakupa haki ya kushika kadi ya benki ya mkeo na kupanga matumizi peke yako, kwa kuwa wewe ni kichwa. Mimi naona hapana, na sura hiyohiyo ndiyo inayokukatalia.

Wengi tunaanzia mstari wa 22, unaowaambia wake wawatii waume zao. Rudi mmoja nyuma: wa 21 unawataka Wakristo wote wanyenyekeane. Wake wamepewa mistari mitatu; waume, kuanzia wa 25, wanaandamwa karibu hadi mwisho wa sura, na kipimo chao ni Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Ndiye yuleyule aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13). Kadi ya benki sijaiona humo.

Petro naye (1 Petro 3:7) anaonya kwamba usipomheshimu mkeo, maombi yako yanazuiliwa. Mstari huo kwenye mahubiri ya ndoa huwa unarukwa haraka sana!

Kuhusu watoto, Wakolosai 3:21 inawakataza akina baba kuwachokoza hadi wakate tamaa. Sasa tazama mitaani kwetu: Jumamosi alfajiri mama anakwenda jumuiya na watoto, Biblia kwapani, baba amejifunika shuka. Jioni anafoka adai heshima ya kichwa cha nyumba.

Kwa hela, kaeni wawili na daftari moja: kodi, ada, zaka, wazazi wa pande zote mbili. Mshahara wa kwanza kutajwa uwe wako.