Kodi ya LUKU haitoshi kupangisha wageni

Hapana dada, umeuliza kama kodi unayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) inatosha kukuruhusu kupangisha wageni, haitoshi. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ni kodi ya jengo tu, ilianza kukatwa humo 2021 na unailipa hata ukilala na wanao peke yenu, haihusiani kabisa na wageni wa Airbnb (wanaokodi vyumba kwa siku chache mtandaoni). Ukianza kulaza watu kwa siku mbili tatu ukapokea hela hiyo ni biashara, kwahiyo unahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni ya biashara ya halmashauri (siku hizi unaombea kwenye mfumo wa Tausi, huna haja ya kupanga foleni) na kodi ya mapato kwa unachoingiza. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) usiogope, hiyo 18% ni mpaka mauzo yafike milioni 200 kwa mwaka, vyumba viwili vya hapa Bagamoyo utazisikia tu redioni 😂

Kinachosahaulika ni wizara ya maliasili na utalii, maana malazi ya watalii yanataka leseni yao kwa sheria ya utalii ya 2008, na leseni ya halmashauri haiifuti. Nilimfuatilia shangazi yangu makaratasi ya vyumba vyake ndo nikajua. Na andika kila mgeni kwenye kitabu, jina na namba ya pasi, hata kama kalipia mtandaoni. Ada ya leseni kaulizie pale biashara halmashauri, usikubali ya kuambiwa na dalali.

Ila kama nyumba yenyewe ipo Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo usigonge hata ukuta kabla hujaongea na Mambo ya Kale, wale wanaolinda majengo ya kihistoria.